Nani Aliyemwacha Aende Peke Yake?

Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, aya 9 za mwanzo. Kama una Biblia kwenye simu, fungua usome kabla hujaendelea, ni dakika mbili tu. Mimi nimekulia Bagamoyo, nimekaa misa nyingi sana kule Misheni, na sikumbuki padri hata mmoja akizihubiri aya hizi. Nilikutana nazo mwaka huu, mwaka wa tatu wa sheria, kwenye semina ya historia ya sheria, tulipogawiwa mada za sheria za kale kuhusu mauaji. Hammurabi aligombaniwa kama wali wa shughuli. Mimi nikabaki na Torati.

Sheria yenyewe ni hii. Mtu amekutwa ameuawa, amelala nje ya mji, na haijulikani ni nani aliyempiga. Wazee na waamuzi wanatoka, wanapima umbali kutoka kwenye maiti hadi miji inayozunguka. Mji ulio karibu zaidi ndio unaowajibika. Wazee wa mji huo wanachukua mtamba ambaye hajawahi kufungwa nira wala kuvuta kitu, wanamteremsha kwenye bonde ambalo halijalimwa, wanamvunja shingo pale. Kisha wananawa mikono juu yake na kutamka kwamba mikono yao haikumwaga damu hii wala macho yao hayakuona, na wanaombewa msamaha. Basi.

Ukisoma mara ya kwanza unaona ni tambiko tu, la watu wa zamani na ng'ombe wao. Lakini simama kidogo kwenye yale maneno ya mwanzo: haijulikani ni nani. Sisi Watanzania tuna jina la watu hao. Tunawaita "watu wasiojulikana". Neno hili lilishika kasi 2017, mwaka ambao Tundu Lissu alimiminiwa risasi Dodoma na mwandishi Azory Gwanda akatoweka Kibiti. Siku hizi tunalitamka hata kwa utani hosteli, mtu akiibiwa sabuni. Nilitaka kujua: hawa Wayahudi waliosoma aya 9 hizi kwa zaidi ya miaka 2000, walifikiri nini kuhusu mtu aliyeuawa na wasiojulikana?

Niseme kwanza vitabu vyenyewe, maana si kila mtu anavijua. Mishna ni mkusanyo wa sheria za marabi, uliokamilishwa Galilaya mnamo mwaka 200 hivi. Talmudi ni mijadala juu ya Mishna. Iko ya Babeli, iliyo ndefu, na iko ya Nchi ya Israeli, inayoitwa ya Yerusalemu. Mambo ya mtamba yapo kwenye kitabu kiitwacho Sota, mlango wa 9. Nilisoma kwa tafsiri ya Kiingereza, Kiebrania changu ni sifuri.

Jambo la kwanza linalokushangaza ni upimaji. Sheria inaposema wapime, wewe na mimi tungeridhika na makadirio. Marabi hapana. Wanauliza: unapima kuanzia wapi kwenye mwili? Rabi Eliezer anasema kitovuni. Rabi Akiva anasema puani. Rabi Eliezer mwana wa Yakobo anasema shingoni, pale jeraha la mauaji lilipo. Talmudi inaeleza kwamba ugomvi ni juu ya mahali uhai wa mtu ulipo: je, ni pumzi, au ni kitovu ambako mwili ulianza kuumbwa? Na kama kichwa kimekutwa huku na kiwiliwili kule, kipi kinapelekwa kwa mwenzake? Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikaona kwamba wanaojadili hivi wamekataa kabisa kumwita mtu huyu "maiti isiyo na ndugu". Wanabishana juu ya kitovu chake na pua yake kana kwamba ni mjomba wao.

Halafu wanakwenda mbali zaidi. Talmudi inasema hata kama maiti imelala mlangoni kabisa mwa mji, kila mtu anaona mji wa karibu ni upi, bado wapime. Kwa nini? Kwa sababu kushughulika na kupima ni amri yenyewe. Tena wapimaji si mgambo wa kijiji. Wanatoka mahakama kuu ya Yerusalemu: watatu kwa mujibu wa Rabi Shimon, watano kwa mujibu wa Rabi Yuda. Yaani wakubwa wa nchi wanafunga safari, wanafika porini, wanainama na kamba.

Sasa nije nyumbani. Desemba 2016 miili ya watu kadhaa iliokotwa ikielea kwenye Mto Ruvu, upande wa Makurunge, wilayani kwetu Bagamoyo. Mliokuwa sekondari wakati huo mtakumbuka picha zilivyosambaa. Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati ule alisema huenda walikuwa wahamiaji haramu. Miili ikazikwa hukohuko. Ukichukua kamba ya marabi, jibu ni jepesi: mji ulio karibu wenye mahakama ni Bagamoyo. Mji wangu.

Nilipofika hapa nikajiona nimepata andiko la semina. Kisha nikasoma Mishna aya ya pili ya mlango uleule: maiti ikikutwa imefukiwa chini ya lundo la mawe, au inaning'inia juu ya mti, au inaelea juu ya maji, mtamba havunjwi shingo. Inaelea juu ya maji! Torati inasema mtu amelala chini, uwandani, na marabi wanashika kila neno: chini, si kufukiwa, amelala, si kuning'inia, uwandani, si majini. Kwa hesabu yangu kuna busara ya kawaida pia, maana mto unabeba. Aliyekutwa Makurunge anaweza kuwa ametupwa mbali sana juu huko, na kupima kutoka pale alipokwama ni kupima safari ya maji. Lakini matokeo ni kwamba anayetupa maiti mtoni anazikwepa hata kamba za Yerusalemu. Sikuwahi kuona sababu nzuri zaidi ya hiyo ya kuelewa kwa nini watu wanatupwa mtoni.

Hata hivyo, utajiri wa mada hii hauko kwenye kamba. Uko kwenye lile tamko.

Mishna inauliza swali ambalo mwanafunzi yeyote mkorofi angeuliza: hivi kuna mtu aliyewadhania wazee wa mahakama kuwa wauaji? Mbona wanajitetea? Hakuna aliyewashtaki. Basi, inasema Mishna, wanachotamka si kwamba hatukumchoma kisu. Wanachotamka ni kwamba mtu huyu hakufika mikononi mwetu tukamwacha aende bila chakula, wala hatukumwona tukamwacha aende bila kumsindikiza.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Kwa hiyo damu, kwa mujibu wa marabi, inaanza kumwagika mapema zaidi kuliko panga. Inaanza pale mgeni alipopita mjini saa ya chakula na hakuna aliyemwambia karibu. Inaanza pale alipoaga na mwenyeji akamjibu haya, kwa heri, akiwa amekaa kwenye kiti akiangalia simu.

Na neno la "kusindikiza" kwetu halihitaji maelezo. Pwani mgeni hatolewi mlangoni. Unavaa ndala, unatoka naye, mnaongea mpaka barabarani, na bibi yangu alikuwa hageuki mpaka aone gari limeondoka. Kwa Talmudi hili si adabu tu, ni sheria yenye vipimo. Mwalimu anamsindikiza mwanafunzi mpaka ukingo wa mji. Rafiki anamsindikiza rafiki mpaka mwisho wa mwendo unaoruhusiwa siku ya Sabato, yaani dhiraa 2000 kupita mji, kama kilomita moja hivi. Mwanafunzi anamsindikiza mwalimu mpaka parsa moja, karibu kilomita 4, ambayo ni kama kutoka Bagamoyo mjini kukaribia magofu ya Kaole. Kama ni mwalimu wako mkuu, parsa tatu. (Wahadhiri wakisoma hapa wasianze kudai.) Rabi Meir ananukuliwa akisema kwamba watu walazimishwe kusindikiza, na kwamba asiyesindikiza ni kama amemwaga damu. Mfano wanaotoa ni mkali: wale watoto 42 walioraruliwa na dubu baada ya kumzomea nabii Elisha. Laiti watu wa Yeriko wangemsindikiza nabii, inasema Talmudi, watoto wale wasingekufa. Lawama inaondoka kwa watoto na kwa dubu, inaenda kwa wenyeji waliobaki nyumbani.

Bagamoyo tunaijua kazi hii kwa pande zote mbili. Februari 1874 akina Chuma na Susi na wenzao waliufikisha mwili wa Livingstone Bagamoyo, baada ya kuubeba kwa miezi kutoka kijiji cha Chitambo, ambako sasa ni Zambia. Hiyo ni kusindikiza mpaka mwisho. Na kwa barabara ileile ya misafara waliletwa watu waliofungwa minyororo, wengine wakaachwa njiani, na hakuna aliyekwenda kuwapima umbali.

Sasa rudi kwenye Ruvu. Kama kweli walikuwa wahamiaji, kama alivyosema waziri, basi walikuwa watu waliopita. Mhabeshi anayevuka nchi hii kwenda kusini anapita usiku, amefichwa, analipa kila hatua. Juni 2012 miili ya Waethiopia zaidi ya 40 ilikutwa imetupwa mkoani Dodoma baada ya kukosa hewa ndani ya lori. Lilipotamkwa neno "wahamiaji haramu" kuhusu Ruvu, nakumbuka mtaani watu walipumua. Kumbe si wetu! Kwa marabi sentensi hiyo inafanya kazi kinyume. Asiye wetu ndiye hasa aliyekuwa anahitaji chakula na mtu wa kutembea naye, kwa hiyo ndiye anayetuweka mashakani. Sheria nzima ya mtamba imetungwa kwa ajili ya mtu ambaye mji hauna jina lake.

Rashi, mfafanuzi mkubwa wa Ufaransa wa karne ya 11, anaongeza kitu kinachouma zaidi. Kwa nini chakula? Kwa sababu huenda walimwacha aondoke na njaa, akalazimika kuwavamia watu njiani, na katika kuvamia akauawa. Kwa maneno mengine, huyu aliyelala pale anaweza kuwa kibaka. Hata hivyo wazee wanatoka, wanapima, wanaulizwa. Fikiria hilo siku utakayokuta matairi yanaungua na watu wamejaa wanapiga video.

Isitoshe, huo ni usomaji wa upande mmoja. Talmudi ya Yerusalemu inaripoti kwamba marabi wa Babeli waliyasoma maneno ya wazee kumhusu aliyeuawa, lakini marabi wa Nchi ya Israeli waliyasoma kumhusu muuaji. Yaani wazee wanatamka: hakuletwa mikononi mwetu mtuhumiwa tukamwachia, hatukumwona muuaji tukafumba macho na kuizembea kesi yake. Tuliokaa darasani na Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai tunaelewa haraka. Tamko lilelile, lakini safari hii mshtakiwa ni jalada lililopotea, mpelelezi ambaye hakuja, dhamana iliyotolewa kwa simu kutoka juu. Watu wa Babeli waliishi chini ya wafalme wa kigeni, mahakama kuu haikuwa yao, pengine ndiyo maana wakaangalia chakula na njia. Hayo ni makisio yangu. Ninachojua ni kwamba kiongozi mmoja hawezi kutamka tamko hilo kwa uaminifu bila kujibu maswali yote mawili, na mimi nikilazimishwa kuchagua nitachukua la Babeli, kwa sababu linanihusu hata mimi nisiye na cheo.

Karne nyingi baadaye Maimonides, tabibu na mwanasheria aliyeishi Misri na kufa 1204, aliitazama sheria hii kwa jicho la mpelelezi. Katika kitabu chake cha falsafa, alichokiandika kwa Kiarabu, anasema faida yake iko wazi. Mara nyingi muuaji anatoka mji wa karibu. Wakubwa wakifika, wakipima, ng'ombe akiletwa, mji mzima utaongea. Wakiongea, aliyeona kitu atasema. Tena bonde lile, likishavunjiwa shingo ya mtamba, ni marufuku kulimwa au kupandwa milele. Kwa hiyo mwenye shamba atahangaika usiku na mchana muuaji apatikane ili ardhi yake isifungwe. Na anayejua akanyamaza, huku wazee wanamwapia Mungu kwamba hawajui, amejitwisha dhambi kubwa. Kwake yeye, mtamba ni tangazo.

Ramban, yaani Nachmanides wa Hispania, aliyekufa 1270, hakuridhika. Anakubali kwamba maelezo hayo yanatoa faida, lakini anasema tendo lenyewe bado halijaelezwa. Kama shabaha ni kumbana mwenye shamba, si wangechagua shamba zuri lenye rutuba badala ya bonde gumu? Kwake hili ni fumbo la kundi moja na yule mbuzi anayepelekwa jangwani siku ya upatanisho. Talmudi yenyewe ina jibu lililo katikati ambalo mimi nalipenda: aletwe kiumbe ambaye hajazaa matunda, avunjwe shingo mahali pasipozaa matunda, kwa ajili ya mtu ambaye hakuachwa azae matunda. Wakaongeza wenyewe kwamba "matunda" hapa si watoto tu, maana hata mzee na asiyeweza kuzaa akiuawa mtamba analetwa. Matunda ni matendo mema ambayo hakuachwa ayafanye.

Wenzetu Waislamu wana ndugu wawili wa sheria hii, na ingekuwa aibu kuandika kutoka Bagamoyo nisiwataje. Wa kwanza ni ng'ombe wa Surat al-Baqara, aliyeipa sura jina lake: Waisraeli wanauana, wanasukumiana lawama, wanaamriwa wachinje ng'ombe, maiti inapigwa kwa sehemu ya ng'ombe huyo na ukweli unatoka. Huko maiti inaletwa kwenye ukweli kwa muujiza. Kwenye Torati maiti inabaki kimya na wazima ndio wanaotakiwa kusema. Wa pili ni qasama, kiapo cha watu 50. Kwa madhehebu ya Hanafi, wakazi 50 wa mahali alipokutwa aliyeuawa wanaapa kwamba hawakumuua wala hawamjui muuaji, kisha bado wanalipa diya. Kwa Shafi, madhehebu ya pwani yetu, wanaoanza kuapa ni ndugu wa marehemu, pale panapokuwa na dalili za kutosha dhidi ya mtu. Ustadhi mmoja jirani yetu Magomeni ya Bagamoyo alinieleza hili kwa kikombe kimoja cha kahawa, na akaniuliza kwa nini sisi chuoni tunajifunza sheria ya Uingereza peke yake. Sikuwa na jibu la haraka.

Kwenye semina nilipingwa vikali na mwenzangu mmoja. Alisema hii ni adhabu ya pamoja, kitu ambacho wakoloni walitufanyia. Hoja yake haikuwa nyepesi. Kenya ilikuwa na sheria ya adhabu ya pamoja tangu 1909, kijiji kizima kikitozwa ng'ombe kwa kosa la mtu mmoja. Na Hammurabi, yule waliyemgombania, aliamuru mji na mkuu wake wawalipe fedha ndugu wa marehemu kama jambazi hakukamatwa. Lakini angalia anayesimama bondeni. Kwenye sheria ya mkoloni, aliye juu anakuja kukusanya mifugo ya walio chini na kuondoka nayo. Hapa aliye juu ndiye anayeteremka, ananawa mikono hadharani na kusema kinywani mwake mwenyewe. Nyama ya mtamba hailiwi na mtu. Mwenzangu akasema ni maneno tu hayo, mzee anaweza kudanganya. Ni kweli, anaweza. Tulimaliza muda hatujakubaliana.

Hoja yake ilinirudisha kwenye Mishna, kwa sababu wao waliliona hilo kabla yetu. Aya ya 9 ya mlango uleule inasema: wauaji walipozidi, mtamba ulikomeshwa. Inataja hata jina, Elazari mwana wa Dinai, jambazi ambaye watu walikuja kumwita mwana wa muuaji. Mafundisho yanayohusishwa na Rabani Yohanani mwana wa Zakai yanatoa sababu: mtamba huletwa kwa jambo lenye mashaka tu, na sasa wanaua waziwazi. Hawakusema mauaji yamekuwa mengi mno kwa ng'ombe tulio nao. Walisema huwezi kusimama bondeni na kutamka kwamba haijulikani ni nani, wakati inajulikana. Ibada yote ingekuwa uongo, tena uongo unaosemwa mbele ya Mungu. Wakaiacha.

Jioni ya Ijumaa 6 Septemba 2024, Ali Mohamed Kibao, mjumbe wa sekretarieti ya CHADEMA, alikuwa kwenye basi akielekea Tanga. Lilipofika Tegeta, watu wenye silaha walilisimamisha wakamshusha na kuondoka naye. Siku iliyofuata mwili wake ukakutwa Ununio, pwani hiihii, mwendo mfupi kutoka Tegeta, na chama chake kikasema alipigwa na kumwagiwa tindikali usoni. Rais alilaani na kuagiza uchunguzi ufanyike apelekewe taarifa.

Kibao hakuelea majini. Alikutwa nchi kavu, mahali ambapo kamba inafika bila shida: Mbweni huku, Kunduchi kule, Tegeta nyuma yake. Wapimaji wasingesumbuka. Wangesumbuka kwenye tamko, hasa ile sehemu ya macho. Basi lina abiria, kila kiti kina macho mawili. Alikuwa na watu wa kumsindikiza, wamejaa mpaka nyuma, wote wanaelekea njia moja naye.

Na hapa Mishna ina kanuni moja ya ushahidi ambayo nyinyi wa sheria mtaipenda. Kwa kesi ya kunyonga, Torati inataka mashahidi wawili, na wawe wa kukubalika. Kwa kumzuia mtamba asivunjwe shingo anatosha mmoja. Maimonides anapoiandika kanuni hii kwenye mkusanyo wake wa sheria anaongeza kwamba anatosha hata mtu ambaye kwa kesi nyingine zote ushahidi wake usingepokelewa, mtumwa kwa mfano. Mtu mmoja tu akisema nilimwona muuaji, shughuli inasimama palepale, wazee hawaruhusiwi tena kutamka kwamba haijulikani, na mtamba anarudishwa kundini kula majani.

Ikitokea shingo imeshavunjwa, na muuaji akapatikana baada ya hapo, miezi au miaka, Mishna inasema anahukumiwa vilevile. Mtamba haukumlipia yeye chochote.